Ndege nne, saa 92 na nusu: kisa cha shirika lililokufa siku ya 24

Mpwa wangu aliingia dukani Jumatano moja baada ya Magharibi, akaweka kaunta buku lake juu ya mashine ya fotokopi, akasema, "Shikamoo mjomba. Shirika limekufa." Nikamwitikia marahaba, nikazima mashine, nikamvutia stuli. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kuzika, na wala hakuwa anaigiza. Kwa zaidi ya wiki tatu nilikuwa namwona kila jioni kwenye kompyuta ya pembeni, hapa dukani kwangu Ngamiani, akiliuguza lile shirika kama mtu anayeuguza mzazi.

Shirika lenyewe ni la kwenye mchezo. Ila mimi nina bajaji mbili barabarani hapa Tanga, na aliponionyesha hesabu zake niliona ugonjwa ninaoufahamu. Ndio uliowahi kuninyang'anya bajaji. Ndiyo maana nimekiandika kisa hiki chote, tarakimu kwa tarakimu, kwa ruhusa yake. Vijana wengi wanaanza michezo hii, wanafilisika mwezi wa kwanza, wanaacha wakiamini kwamba mchezo ni mgumu au kwamba wao hawana akili ya biashara.

Kwa asiyeifahamu: michezo ya kuendesha shirika la ndege iko mingi. Iko AirlineSim ya Ujerumani, iko Airline Manager, iko na mingine. Humu hurushi ndege, hakuna usukani. Unapewa mtaji, unachagua uwanja wa nyumbani, unakodi au unanunua ndege, unaajiri marubani na wahudumu, unapanga ratiba na nauli, kisha unangoja abiria wakuchague wewe au wawachague wenzako, maana wachezaji wengine wamo kwenye dunia hiyo hiyo. Huu wa mpwa wangu unakwenda kwa saa za kweli. Ndege ikitoka Dar es Salaam kwenda Dubai inatumia saa tano na nusu, kwa hiyo unaweza kulala ukaamka bado iko angani. Skrini ni majedwali na tarakimu tu, kwa hiyo bando haliishi haraka. Viwanja ni vya kweli, umbali ni wa kweli, ndege ni za kweli. Na uwanja wa Tanga umo. Hilo la mwisho ndilo lililomwingiza.

Usiku wa kwanza

Mtaji aliopewa ulikuwa dola milioni 3 za mchezo. Usiku ule ule alikodi ndege nne.

Ya kwanza ilikuwa jeti, Airbus A320 kuukuu ya viti 150, kodi yake dola 120,000 kwa wiki. Mbili zilikuwa ATR 72, zile za pangaboi, viti 70 kila moja, kodi dola 50,000 kila moja. Ya nne ilikuwa Cessna Caravan, injini moja, viti 12, dola 8,000. Mwenye ndege alitaka amana ya wiki nane kabla ya kuziachia, jumla dola 1,824,000. Kufungua vituo kwenye viwanja vitano, yaani Dar, Tanga, Mwanza, Nairobi na Dubai, kulichukua 140,000. Alipokwenda kulala benki zilibaki 1,036,000. Karibu theluthi mbili ya mtaji ilishaondoka, na hakuna abiria hata mmoja aliyepanda.

Nilimuuliza kwa nini zile nne. Majibu yake nayaheshimu. Jeti, kwa sababu shirika lisilo na jeti aliliona si shirika. ATR, kwa sababu ndizo alizoziona kwa macho yake siku alipomsindikiza mama yake uwanjani Dar. Caravan, kwa ajili ya nyumbani. Mjini kwetu tuna usemi, Tanga waja leo waondoka leo, naye alitaka iwepo ndege ya kuwaleta na kuwaondoa. Uwanja wetu ni wa ndege ndogo, jeti na ATR zake zisingefaa, ndiyo akaenda kwenye Caravan.

Kodi za ndege zote zilikuwa dola 228,000 kwa wiki. Mishahara ilikuwa 96,000: wafanyakazi wa kila ATR 24,000, wa jeti 40,000, wa Caravan 8,000. Jumla 324,000 kila wiki, ndege ziruke zisiruke. Wiki ya kwanza safari zilileta 30,000 baada ya kutoa mafuta, ada za kutua na huduma za chini, maana mstari mpya, yaani njia mpya ya safari, abiria hawaujui, na siku tatu za mwanzo ndege ziliruka karibu tupu. Wiki ya pili 85,000. Wiki ya tatu 110,000. Salio likashuka hadi 742,000, kisha 503,000, kisha 289,000. Jumatatu ya wiki ya nne kodi zikakatwa, zikabaki 61,000. Siku mbili za safari zikaongeza 40,000. Jumatano jeti ikaingia kwenye matengenezo ya lazima: 140,000. Akaunti ikasoma hasi 39,000, na mwenye ndege akaanza kuzichukua.

Washukiwa wawili wasio na hatia kubwa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye kaunta buku lake kilinifanya nidhani nimeshampata muuaji. Ratiba alikuwa ameiandika kwa mkono, kwa saa zetu. Safari ya Nairobi: "saa 1 asubuhi". Halafu kwenye mchezo akaandika 01:00. Mchezo hauhesabu saa kuanzia jua linapochomoza, unahesabu kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo kwa wiki mbili nzima ndege yake ya Nairobi ilikuwa inang'oa Dar saa 7 usiku na kutua saa 8 na nusu usiku. Abiria wa kwenye mchezo wanafanana na sisi, hawapendi kuamka saa hizo. Viti 70, waliopanda 9, siku nyingine 6.

Yeyote anayeanza michezo hii akiwa anafikiri Kiswahili, naomba hili alishike: andika ratiba yako daftarini kwa saa zetu ukipenda, lakini pembeni yake andika saa ya mchezo kabla hujagusa kibodi. Saa 1 asubuhi ni 07:00. Saa 7 mchana ni 13:00. Wanaopokea wageni stendi ya Kange wanalijua tatizo hili vizuri, mgeni kashika tiketi ya gari la saa 1 asubuhi, yeye kaisoma kama saa 7 usiku.

Lakini kosa hili halikuliua shirika. Alilisahihisha wiki ya tatu, na ndiyo sababu mapato yakapanda hadi 110,000. Bado pengo lilikuwa 214,000.

Mshukiwa wa pili ni jeti ya Dubai. Aliipanga mara tatu kwa wiki kwenye mstari ambao wachezaji wakubwa wanaruka kila siku kwa ndege pana. Abiria anayetaka kuondoka Jumanne hawezi kukungoja wewe wa Alhamisi. Akaambiwa ashushe nauli, akashusha, akapata abiria wa kuridhisha kiasi. Na jeti kuukuu kodi yake huwa ya chini kwa sababu matengenezo yake ni ya juu, jambo ambalo limeandikwa wazi kwenye ukurasa wa ndege, ila asiyewahi kumiliki chombo hasomi hapo. Hili ni kosa kweli. Hata hivyo nilifanya hesabu tukiiondoa jeti kabisa, nikakuta shirika lingekufa tu, ila lingekawia.

Miraba

Ndipo nilipomwambia afungue ukurasa mpya. Tulichora miraba 24 kushuka chini, saba kwenda pembeni, yaani saa zote za wiki, saa 168. Tukafanya hivyo kwa kila ndege, kurasa nne. Nikampa kalamu ya wino wa bluu, nikamwambia apake kila saa ambayo ndege ilikuwa hewani na abiria, na saa zilizobaki aziache nyeupe.

ATR ya kwanza ilikwenda Mwanza na kurudi mara moja kwa siku. Ni kilomita 840 hivi, saa mbili kwenda na mbili kurudi. Saa 28 kwa wiki. ATR ya Nairobi, saa moja na nusu kila upande, mara moja kwa siku: 21. Jeti, safari tatu za kwenda na kurudi Dubai: 33. Caravan, Tanga na Dar mara moja kwa siku, dakika 45 kila upande: 10 na nusu.

Alipaka kwa dakika chache. Akamaliza, akainua kalamu, akatulia. Kurasa zilikuwa nyeupe. Kati ya saa 672 za ndege nne, zilizopakwa zilikuwa 92 na nusu, chini ya saa moja katika kila saba. Sikusema kitu. Alizigeuza kurasa mwenyewe, moja moja, kisha akarudi ya kwanza.

"Mjomba," akasema, "mbona ilikuwa inanionyesha kijani?"

Hilo swali ndilo kiini cha kisa hiki, na nilihitaji siku mbili kulijibu sawasawa.

Kwenye mchezo kila safari ina ukurasa wake. Chukua safari moja ya Mwanza ya wiki ya tatu: abiria 50, nauli dola 90, mapato 4,500. Mafuta, kutua na huduma 2,600. Faida 1,900, rangi ya kijani. Akiangalia safari 14 za wiki, zote kijani. Kijana akaamini kwamba mstari wa Mwanza unamlisha. Lakini kodi na mishahara havimo kwenye ukurasa ule, viko kwenye ukurasa wa fedha za shirika, ambako hakuna safari inayotajwa kwa jina. Ukurasa mmoja una safari bila kodi, mwingine una kodi bila safari, na hakuna mahali mchezo unapovikutanisha. Inabidi uvikutanishe wewe.

Tukavikutanisha. ATR ile ilikuwa inakula 50,000 za kodi na 24,000 za mishahara, 74,000 kwa wiki. Ikiruka mara 14, kila safari inabeba 5,286 za mzigo huo. Ongeza 2,600. Safari moja inagharimu 7,886. Gawanya kwa nauli ya 90: unahitaji abiria 88.

Ndege ina viti 70.

Nilimwona akiisoma mara ya pili na ya tatu. Hata angejaza kila kiti, kila siku, mwezi mzima, angekula hasara. Hakuna tangazo wala punguzo la nauli ambalo lingeiokoa ndege ile. Sasa tuchukue ndege hiyo hiyo, kodi hiyo hiyo, lakini iruke mara 56 kwa wiki, nane kwa siku. Mzigo kwa kila safari unashuka hadi 1,321. Ukiongeza 2,600 ni 3,921. Abiria wanaohitajika ni 44. Yeye alikuwa anawapata 50 tayari.

Bajaji yangu

Mtu wa bajaji angeliona hili kabla ya mtu wa chuo, kwa sababu lina jina mtaani: hesabu ya tajiri, ile hela ya kila siku anayoidai mwenye chombo. Dereva akipakia abiria wanne kutoka Chumbageni hadi Raskazone, akitoa mafuta, mfukoni ana hela. Kila kichwa ni faida. Lakini jioni kuna hesabu ya tajiri, na hesabu haiulizi umepakia vichwa vingapi. Dereva aliyeshinda kijiweni kuanzia saa 5 hadi saa 9 akicheza bao anatoka na hela mfukoni, na bado hesabu haijatimia.

Mimi nilifanya kosa hilo na chombo cha kweli. Bajaji yangu ya kwanza ilikuwa inaleta hesabu, nikaona nimeweza, nikachukua ya pili kwa mkataba, hela kila siku hadi iwe yangu. Sikujiuliza ile ya kwanza ilikuwa inafanya kazi saa ngapi. Ilikuwa inafanya asubuhi watoto wanapokwenda shule na jioni watu wanapotoka sokoni, katikati imelala chini ya mwembe. Kumbe abiria wangu walikuwa wanatosha bajaji moja iliyochangamka, mimi nikaweka mbili zilizolala. Baada ya miezi mitano mwenye mkataba aliichukua yake, na zile hela nilizokwishalipa zikaenda nayo. Nilipoona miraba myeupe ya mpwa wangu nilimwona yule mimi wa wakati ule.

Aliniuliza, na ni swali la haki, mbona Air Tanzania ina majeti. Nikamkumbusha ilivyorudi. Mwaka 2016 ilianza upya na ndege mbili mpya, Dash 8 Q400, aina moja, za pangaboi, kwa safari za ndani. Boeing 787 ilikuja Julai 2018, na Airbus A220 Desemba ya mwaka huo. Na hata hizo, shirika lilizikodi kutoka kwa Wakala wa Ndege za Serikali. Hata kule hesabu ya tajiri ilikuwepo.

Mfano ulio karibu zaidi na kisa hiki ni wa mbali kijiografia. Southwest ya Marekani ilianza kuruka Juni 1971 huko Texas, kati ya Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka 1972 fedha zilikuwa zimewaishia, wakalazimika kuuza ndege moja kati ya nne za Boeing 737 walizokuwa nazo. Ratiba ya ndege nne hawakuipunguza. Waliifanya kwa ndege tatu, kwa kuhakikisha kila ndege ikitua inashusha, inapakia na kuondoka ndani ya dakika kumi. Wafanyakazi wote waliingia, hata marubani walisaidia. Shirika halikufa. Nilipomsimulia hayo mpwa wangu aliuliza jambo moja tu: ndege zao zilikuwa aina ngapi? Moja. Akaandika.

Maana aina tatu nazo zilimtafuna, ingawa kwa uchache. Rubani wa ATR harushi Airbus mpaka afuzu Airbus. Rubani wa jeti alikuwa analipwa siku nne bila kazi, huku ATR ikikosa mtu wa zamu ya jioni. Precision Air, iliyoanza mwaka 1993, imejengeka juu ya ATR, na sasa naelewa kwa nini.

Ila nisije nikaonekana nasema kwamba kuruka sana kunatosha. Fastjet ilianza hapa nchini Novemba 2012 kwa Airbus A319, aina moja, mistari mifupi ya Mwanza na Kilimanjaro, nauli za chini, na bado mwishoni mwa 2018 ilikuwa haipo tena angani kwetu. Kuipaka miraba bluu kunakupa nafasi ya kupona. Asiyeipaka hana hata nafasi hiyo.

Mara ya pili

Mchezo unaruhusu kuanza upya. Alianza Ijumaa, milioni 3 zile zile. Nilimwombea jambo moja: akodi ndege moja, na asikodi ya pili mpaka ukurasa wa kwanza uwe bluu. Alibisha sana. Aliona aibu shirika la ndege moja, na wenzake wanaocheza naye wangeliona jina lake chini kabisa ya orodha. Namwelewa. Ilimchukua hadi Jumapili kukubali.

Alichukua ATR 72 moja, si kuukuu. Amana 400,000, vituo vitatu 84,000, zikabaki 2,516,000. Kwa mzigo wa 74,000 kwa wiki, shirika lingeweza kuishi wiki 34 bila abiria yeyote. Lile la kwanza lilikuwa na wiki tatu na siku moja hivi. Mstari mpya huchukua wiki kadhaa kujulikana. Shirika la kwanza lilikufa abiria wakiwa ndio kwanza wanaanza kulijua.

Ratiba aliipanga mwenyewe, na safari hii kila saa ina mwenzake wa mchezo pembeni. Ndege inang'oa Dar saa 12 asubuhi, 06:00. Mwanza saa 2. Nusu saa chini, inarudi, Dar saa 4 na nusu. Hapo inapumzika saa nzima. Saa 5 na nusu Kilimanjaro, inatua saa 6 na dakika 35, inarudi Dar saa 8 na dakika 10. Saa 8 na dakika 40 Mwanza tena, Dar saa 1 na dakika 10 usiku. Kisha Kilimanjaro ya usiku, na inalala Dar saa 4 na dakika 20. Mafundi wanaipata usiku. Saa 12 na dakika 20 hewani kwa siku. Kwa wiki, saa 86 na dakika 20.

Ziweke hizo kando ya 92 na nusu. Ndege moja ya kodi ya 50,000 inakaribia kufanya kazi ya ndege nne za 228,000.

Ile saa nzima ya mapumziko pale Dar asubuhi nilidhani ni uzembe, nikamwambia aipunguze aongeze safari ya Zanzibar. Alikataa, na alikuwa sahihi. Siku ya tisa ndege ilichelewa kutoka Mwanza dakika 40. Ratiba ikiwa imebanwa kama kanga ya mkaja, kuchelewa huko kungesukuma safari ya Kilimanjaro, hiyo ingesukuma ya Mwanza, na abiria wa usiku wangeisubiri mpaka wakate tamaa, na mchezo unashusha sifa ya mstari unaochelewa. Ile saa ilimeza dakika 40 zote. Safari ya Kilimanjaro iliondoka kwa wakati wake. Niliiona kwenye skrini kwa macho yangu, na nikamwambia mbele ya wateja kwamba nilikosea.

Nauli aliiacha ile ile iliyopendekezwa na mchezo. Wiki ya kwanza hasara 61,000. Ya pili hasara 18,000. Ya tatu faida, dola 4,000 tu, na usiku ule alinipigia simu nimeshalala. Ya nne 21,000. Wiki ya sita, viti vikijaa zaidi ya robo tatu, akakodi ATR ya pili, aina ile ile, akaigawia mistari ile ile kwa saa nyingine ili abiria wapate chaguo, kisha akaongeza Zanzibar.

Kuhusu Tanga

Nilikuwa na hatia moja katika yote haya. Kumwokoa, nilimwambia aiweke Tanga pembeni. Alikubali bila neno, na kukubali kwake kuliniuma kuliko kubisha kwake, kwa sababu Tanga ndiyo iliyomfanya afungue mchezo.

Wiki ya tisa alirudi na kaunta buku. Alikuwa ameifanyia Caravan hesabu ile ile. Mara ya kwanza, mzigo wa 16,000 kwa safari 14 ulikuwa 1,143 kwa kila safari. Ukiweka 300 za mafuta na kutua, na nauli ya 70, walihitajika abiria 21 kwenye ndege ya viti 12. Aliniangalia kuhakikisha nimeona, nikatikisa kichwa kwamba nimeona.

Kisha akafungua ukurasa wa pili. Badala ya Tanga na Dar moja kwa moja, ndege inatoka Dar kwenda Zanzibar, inakwenda Pemba, inakuja Tanga, inarudi njia hiyo hiyo, mizunguko miwili kwa siku. Ndivyo Caravan zinavyofanya kazi mwambao huu kweli, zinaruka kisiwa hadi kisiwa kama daladala. Dakika 35 hewani, 20 chini. Inaondoka Dar saa 12 asubuhi, inatua Tanga saa 2 na dakika 25, inarudi tena saa 7 na dakika 55 mchana, na saa 10 na dakika 40 jioni imelala Dar kabla ya giza. Safari 84 kwa wiki. Mzigo unashuka hadi dola 190 kwa safari. Ukiongeza 300 ni 490. Kwa nauli ya 60, abiria 9 kati ya 12.

"Tisa wanapatikana, mjomba?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tulikaa tukawahesabu kama watu halisi. Wafanyabiashara wa karafuu na wa nguo wanaovuka Pemba. Ndugu wanaokwenda kusalimia Idi. Mgonjwa wa kupelekwa Dar ambaye hawezi kukaa garini kilomita 350. Watu wa bandarini na wa kule Chongoleani linakoishia bomba la mafuta ghafi. Hewani kutoka hapa hadi Dar ni kama kilomita 200, na anayelithamini hilo yupo. Lakini tisa, kila kipande, mara 12 kwa siku, ni wengi. Zanzibar na Dar watajaza, hilo hatuna shaka nalo. Kipande cha Pemba na Tanga ndicho kinachotutia wasiwasi, na mchezo unaonyesha kijidirisha kifupi cha uhitaji hapo, karibu na sifuri.

Akachukua kalamu akapaka. Dar hadi Zanzibar, bluu. Zanzibar hadi Pemba, bluu. Alipofika Tanga aliiweka kalamu chini, akatoa penseli mfukoni, akaipaka miraba ile kwa wepesi, inayoweza kufutika. Caravan ataikodi Jumatatu, amana 64,000, na tumekubaliana kuipa wiki kumi.